Bekari ya Wodi ya Wanawake

Tabora,
Mwezi wa Julai

Kaka yangu mpendwa Eustace,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya wodi, maana baridi ya asubuhi mwaka huu imekuwa kali na sisi wenye mablanketi mepesi tunalisaka jua kama mijusi. Mwili wangu hauna homa, nakula na nalala. Natumaini na huko Usinge mmeamka salama, wewe, wifi Katarina, Mama na miguu yake, na mwanangu Kabula. Mama mpe salamu yangu ya mwangaluka, uinamie upande wa sikio la kulia, lile jingine najua halimsaidii. Na soko la tumbaku linaendeleaje? Nasikia mwaka huu wakulima wengi wamelia kwamba majani yao yamepangwa madaraja ya chini. Nakuombea yako yasiwe miongoni.

Usishangae kupata barua siku hizi za simu. Simu ya wodi iko ofisini kwa manesi, na unapoongea kuna watu wanasikiliza. Tena haya ninayotaka kusema ningeyaanza kwenye simu ningelia, salio likaisha sijafika popote. Nimempa Saidi, yule aliyekuwa akitembeza mikate yetu kwa baiskeli, aifikishe stesheni kwa mtu anayepanda treni ya Kigoma. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee wifi. Mama usimsomee yote.

Najua walikupigia wakakwambia nimerudiwa na ugonjwa na usije kunichukua. Nitakueleza ilivyokuwa, ila niruhusu nianzie mbali kidogo. Nikianzia mwisho utanihukumu kabla hujaelewa.

Uliponileta hapa nilikuwa na alama za kamba mikononi. Bado zipo, zimekuwa nyeusi tu. Sikulaumu, kaka. Baada ya baba Kabula kufa nilikuwa namsikia akiniita kutoka msituni, nikawa namfuata bila nguo, na mara ya mwisho nilikuwa nimemshika Kabula mkono. Ungefanya nini? Ulinifunga kwenye nguzo ya bani la kukaushia tumbaku kwa sababu ndilo jengo pekee lililokuwa na komeo. Watu wanadhani mwenye wazimu haoni. Mimi nilikuwa nakuona unafunga huku unalia, na moshi wa tumbaku ukawa kisingizio chako ulipotoka nje. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuona.

Miezi ya kwanza hapa sina cha kusimulia. Nilimeza vidonge, nikalala, nikaamka, nikatazama ukuta. Sauti zilipungua, lakini zilipoondoka ziliacha nafasi tupu kubwa, na hakuna aliyeniambia nafasi hiyo inajazwa na nini. Wengi hapa wanaishia hapo. Wametulia, hawapigi mtu, wananenepa kwa dawa, wanakaa kwenye benchi wakisubiri uji. Nilikuwa mmoja wao.

Aliyenitoa kwenye benchi ni nesi Asmahani. Yeye ndiye aliyewasumbua wakubwa mpaka wakakubali stoo ya zamani ya makaa igeuzwe bekari, akajenga tanuri la matofali kwa msaada wa waumini wa misikiti na makanisa ya mjini. Alisema mgonjwa aliyetulia asiye na kazi ni mgonjwa anayesubiri kuugua tena. Siku aliyonipeleka pale, alinipa kisu cha kukatia donge la unga, akageuka akaenda kuchota maji. Kaka, tangu nilipougua hakuna mtu aliyewahi kuniachia hata kijiko cha bati. Nilisimama na kile kisu mkononi, nikaogopa kusogea mpaka aliporudi. Akaniuliza, "Mbona hukati?" Nikaanza kukata.

Pale ndipo nilipokutana na Manal. Sijawahi kukutajia jina hili, naomba ulishike, maana yote yaliyonipata yanapitia kwake. Manal alikuwa binti wa Kiarabu wa hapa hapa Tabora, watu wenye duka la jumla tangu enzi za mababu. Aliugua chuoni, akaacha masomo, akaletwa wodini na dereva wa duka. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mikono yake ilijua unga kwa sababu bibi yake alimlea jikoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kukanda kwa kiganja cha chini na si kwa vidole, na kuangalia kama donge limeumuka kwa kulibonyeza na kuona linavyorudi. Aliniambia babu wa babu yake alifika hapa Unyanyembe na msafara akiwa juu ya punda. Nikamwambia babu wa babu yetu sisi naye alikuwa kwenye misafara hiyo hiyo, ila yeye alikwenda mpaka pwani na jino la tembo begani. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema basi mzee wako alibeba, wangu akapanda, na sisi wote tumeishia wodini. Kila alipochoka kukanda alikuwa ananiambia, "Haya mpagazi, nipokee."

Kwenye bekari tulikuwa wanawake wachache tu. Bibi Ngollo, ambaye haongei na mtu, alikuwa mwenye moto. Hakuna aliyemfundisha, alijua tu lini kuni zitolewe na lini mikate iingie. Wengine walipanga trei, wengine walifungasha. Saidi alikuja alfajiri, akapakia makreti kwenye baiskeli na kuelekea mitaa ya Ipuli. Mikate yetu ilipendwa. Kuna mama mmoja aliyerudisha mkate alipogundua ni nani anayeukanda, akamwambia Saidi hawezi kulisha watoto wake wazimu. Saidi alituambia kwa aibu, kama vile yeye ndiye aliyesema. Manal akachukua ule mkate uliorudishwa, akaugawa, tukaula na chai. Ulikuwa mtamu, kaka. Sijui nikwambie nini zaidi. Kila asubuhi kulikuwa na kitu ambacho kisingekuwepo kama nisingeamka. Ile nafasi tupu niliyokwambia ilikuwa inajazwa na hicho.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani Manal aliruhusiwa. Kaka yake, Murtadha, alikuja na gari, akampa mkono kila mmoja wetu kwa adabu. Manal aliniambia atawaokea watu wa nyumbani mikate ya futari na nitaisikia harufu yake mpaka huku. Niliona wivu, nikamkumbatia hivyo hivyo.

Ramadhani haikuisha akaanza kuja getini. Mara ya kwanza alisema amepita tu. Mara ya pili alisema ukweli. Walikuwa wamempa chumba kizuri uani, na pazia jipya, na feni. Chakula aliletewa kwenye sahani yake, na kikombe chake kilikuwa na rangi tofauti na vya wengine. Siku moja aliingia jikoni akakanda unga, wifi yake Thuraya akamwambia kwa sauti ya upole, "Pumzika, dada, usijichoshe." Jioni aliliona donge lake bandani, limemwagiwa kuku. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyempiga. Aliniambia, "Asnath, wananihurumia mpaka napotea."

Akamwomba daktari wetu amruhusu arudi kufanya kazi kwenye bekari, awe anakuja asubuhi na kuondoka jioni. Dkt. Majidi si mtu mbaya. Alimweleza kwamba bekari ni ya wagonjwa waliolazwa, utaratibu ndio huo, na akamwambia amshukuru Mungu kwa kuwa amepona. Manal alinisimulia hayo tukiwa tumetenganishwa na nondo za geti. Nilimpa mkate wa moto kupitia nondo, akaushika tu hakuula. Nilimwuliza kama anameza dawa. Akasema, "Nameza za nini?"

Baada ya Idi hakuja tena. Tuliletewa habari na Saidi. Manal alitoka nyumbani mchana, akaifuata reli ya upande wa Tura, kwa miguu, akiwa na kanga tu. Treni ya mizigo ilimkuta nje ya mji. Dereva alisema alipiga honi tangu mbali na yeye hakugeuka.

Siwezi kukuandikia tulivyokuwa siku hiyo. Bibi Ngollo alizima moto, na sisi hatukumzuia.

Siku ya pili ya msiba Murtadha alikuja bekari mwenyewe. Tulidhani amefuata nguo za marehemu zilizobaki. Alisema anataka mikate ya kulisha waombolezaji, na anataka iliyotoka hapa. Nesi Asmahani akamwambia itapatikana. Hakuondoka. Akauliza, "Alikuwa anasimama upande gani?" Nikamwonyesha mimi, pembeni mwa meza, karibu na dirisha. Akaenda akasimama pale. Akaomba mkate, akaula wote mkavu amesimama, akimeza kwa shida kama mtu anayemeza mchanga. Nilimtazama nikawa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata nilipokuwa mgonjwa. Nilitaka kumwambia kwamba angeula mwezi uliopita, dada yake angekuwa hai. Lakini uso wake ulionyesha kwamba hayo anayajua.

Sasa nafika kwako, kaka.

Haikupita muda mrefu, Dkt. Majidi akaniita na kuniambia hali yangu ni nzuri, karibuni jopo la madaktari litakaa, nami nitaruhusiwa. Akasema ameongea na wewe na umefurahi sana. Ukaomba nipewe simu niongee nawe. Unakumbuka ulichoniambia? Uliniambia kwa furaha, nilisikia pumzi yako. Ulisema umenijengea chumba changu nyuma ya nyumba, upande wa bani, cha tofali za kuchoma na bati jipya. Ulisema sitatumwa kazi yoyote tena maishani mwangu. Sitakwenda shambani, sitapika, sitachota maji, chakula nitaletewa huko huko. Ulisema Kabula sasa analala na wanao na amezoea, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, atakuwa ananisalimia mchana akitoka shule. Nilikushukuru. Nilikata simu, nikarudi bekari.

Hukukosea kwa nia, najua. Uliuza tumbaku ukanunua bati kwa ajili yangu. Lakini nilichokisikia ni feni na pazia jipya.

Kaka, sikurudiwa na ugonjwa. Nilijifanya.

Asubuhi ya jopo walikuja kututazama tukiwa kazini, ili waone ninavyofanya. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilianza kusema na ukuta. Nikaita jina la baba Kabula, nikamjibu kama zamani, maneno yale yale, maana hayo hayasahauliki. Nilimwaga unga. Nikaona wanatazamana lakini hawajaamini, na Dkt. Majidi akawa anasema polepole kwamba huenda ni uchungu wa kumpoteza mwenzangu. Nikaona wataniruhusu tu. Ndipo nikaichukua trei iliyotoka kwenye tanuri, kwa kitambaa, na kuirusha. Nililenga ukuta. Nesi Asmahani alikuwa amenikimbilia ili anishike, nami sikumwona. Ilimpata mkononi, kutoka kwenye kiwiko kushuka chini. Sauti aliyoitoa naisikia mpaka sasa, na hii si sauti ya ugonjwa, ni ya kweli.

Walinishika, wakanichoma sindano, wakanifungia. Kesho yake bekari ilifungwa. Mkubwa wa hospitali alisema waliomwonya zamani kwamba wagonjwa na moto havikai pamoja walikuwa na haki. Nilitaka kubaki kwenye bekari, na badala yake nimewanyang'anya wote.

Wenzangu hawajui. Wananionea huruma, wananiletea maji, wananiambia pole, si wewe, ni ugonjwa. Sijui kama kuna adhabu inayozidi hiyo. Bibi Ngollo kila siku anakwenda kukaa mbele ya tanuri lililozimwa, na sasa ameanza kukataa uji. Yule binti wa Sikonge aliyekuwa anafungasha, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika jina lake, ameanza tena kujikwaruza uso. Saidi ametafuta biashara ya maji.

Nesi Asmahani alirudi mkono ukiwa kwenye bandeji. Ngozi imevutika na vidole viwili havikunji vizuri. Alikuja mpaka kitandani kwangu, akaketi.

"Asnath, ulikuwa unajifanya," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikasema ndiyo.

"Nilikuona macho. Mgonjwa hatafuti kitambaa cha kushikia trei."

Nilishuka kitandani nikamshika miguu. Akanivuta nisimame kwa ule mkono mzima, akasema yeye hatamwambia mtu, maana akisema yeye itakuwa ni kesi, nikisema mimi itakuwa ni ukweli. Akanisindikiza kwa Dkt. Majidi. Nikasema yote, la Manal, la chumba, la trei. Daktari alivua miwani. Akasema wanasitisha sindano kuanzia siku hiyo, lakini akanieleza jambo jingine. Alisema kama nilikuwa mgonjwa, dawa ingetosha. Kama nilikuwa na akili zangu timamu nikarusha chuma cha moto penye watu, basi hawezi kuwaambia wakubwa zake kwamba pako salama nikiwa hapa. Amewabembeleza, na wamekubali kulifungua tena tanuri kwa sharti moja. Niwe nimeondoka. Na siwezi kuondoka bila ndugu kuja kuweka sahihi.

Ndiyo maana naandika. Mwandiko ukiuona umeyumba, ni sindano hazijaisha mwilini, si wazimu.

Njoo unichukue, kaka. Njoo upesi, kabla Bibi Ngollo hajaacha kula kabisa. Nina ombi, lakini ni ombi tu. Ukiweza, kile chumba weka magunia, mimi nilaze ndani na Kabula, hata sakafuni. Nipe jembe. Niruhusu nisonge ugali nao muule, na kama wifi anaogopa, akae karibu anitazame ninavyopika, sitaona vibaya. Nikikosea nigombeze kama unavyomgombeza mtu mwingine yeyote. Hofu yenu naielewa. Mimi mwenyewe nimekuwa nikijiogopa kwa muda mrefu kuliko ninyi.

Na kama haiwezekani, kama umefikiri na kuona kwamba kwa ajili ya watoto ni lazima nikae kile chumba cha nyuma, basi njoo unichukue hivyo hivyo. Nitaingia. Nitameza dawa zangu kila siku, nakuahidi mbele za Mungu, na reli ya hapo Usinge sitaisogelea. Manal hakuwa na deni la kulipa kwa mtu yeyote. Mimi ninalo, na hao wanawake hawawezi kunisubiri mpaka nipone woga.

Msalimie wifi Katarina na umwambie namshukuru kwa kumlea mwanangu. Wasalimie wanao wote, na majirani wanaoniulizia, kama wapo. Mama mwambie tu kwamba mwanae ameandika. Kabula mwambie mama yake anakuja. Usimwambie amepona. Mwambie anakuja.

Mdogo wako,
Asnath